Daftari za Yangambi: fedha za kigeni na mafunzo ya vijana juu ya tabianchi katika Kongo, tangu 1933

1. Utangulizi

Katika mikutano ya miaka hii juu ya mabadiliko ya tabianchi, vijana na fedha hutajwa kwa pumzi moja. Serikali huahidi, mashirika huchangia, na vijana huitwa washiriki, mabalozi au viongozi wa kesho. Mwanahistoria hana budi kuuliza maswali ya kawaida ya kazi yake: fedha hizo zilitoka wapi, zililipia kitu gani, zilimfundisha kijana gani, na zilipokwisha kilibaki nini? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kufuata historia ya mahali pamoja, yaani Yangambi, kituo cha utafiti kilichopo ukingo wa kulia wa mto Kongo, takriban kilomita 100 magharibi ya Kisangani, pamoja na vyuo vikuu vilivyofungamana nacho.

Tumekichagua kituo hiki kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali pachache sana katika Afrika ya Kati penye kumbukumbu ndefu za mvua, joto na maisha ya miti kama pale. Pili, Yangambi imepitia mikononi mwa wafadhili wa kila namna: koloni, taifa huru, UNESCO, Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo mtu anaweza kulinganisha matunda ya kila mfadhili bila kuhama mahali.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa tueleze neno moja. Vitabu vya zamani vya jiografia vilisema «tabia ya nchi», na siku hizi maneno hayo yamefungwa pamoja kuwa «tabianchi». Hali ya hewa ni mvua ya leo au jua la kesho. Tabianchi ni desturi ya hewa ya mahali, nayo haijulikani kwa mwaka mmoja wala miwili: Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia kipimo cha miaka 30. Msomaji na aikumbuke hesabu hiyo, kwa maana mkataba wa ufadhili wa kawaida hudumu miaka mitatu, minne au mitano. Hoja yetu inatoka katika tofauti hiyo. Ushirikiano wa kimataifa unaowahusu vijana na tabianchi haupimwi vizuri kwa wingi wa fedha wala kwa idadi ya waliohudhuria. Unapimwa kwa kuangalia kama, siku mkataba unapokwisha, yupo kijana mwenyeji anayeweza kuendelea kuandika katika daftari, na kama daftari yenyewe bado iko.

2. Taasisi ya koloni na daftari zake, 1933-1960

Tarehe 22 Desemba 1933 amri ya mfalme wa Ubelgiji iliunda Taasisi ya Kitaifa ya Uchunguzi wa Kilimo katika Kongo ya Kibelgiji, iliyojulikana kwa ufupisho wake wa Kifaransa, INEAC. Yangambi ikafanywa kituo chake kikuu. Shabaha ya taasisi hiyo haikuwa kuujua msitu kwa ajili ya msitu. Dunia ilikuwa katika mdororo wa uchumi ulioanza 1929, bei za mazao zilikuwa zimeanguka, na koloni ilitaka michikichi, mibuni, mipira na pamba yenye kuzaa zaidi kwa gharama ndogo. Ndiyo maana kazi iliyoipatia Yangambi sifa duniani inahusu mafuta ya mawese. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionyesha jinsi unene wa kifuu cha mbegu ya mchikichi unavyorithiwa, na kwamba aina iitwayo tenera, yenye kifuu chembamba na nyama nyingi ya mafuta, huzaliwa na dura na pisifera. Mashamba makubwa ya michikichi ya leo, pamoja na yale ya Asia ya kusini-mashariki, yamejengwa juu ya elimu hiyo.

Lakini mmea hauelezeki bila mvua na jua. Kwa sababu hiyo INEAC ilipima hali ya hewa kila siku, ikakusanya mimea na kuikausha, na tangu 1937 hadi 1958 ikafuatilia wiki baada ya wiki maisha ya miti zaidi ya 2,000 ya mamia ya spishi: lini ulitoa maua, lini ulizaa, lini ulipukutisha majani. Hakuna aliyetaja mabadiliko ya tabianchi wakati ule. Hata hivyo, watafiti wa leo wanapotaka kujua msitu wa Kongo uliishije kabla joto la dunia halijapanda kama sasa, daftari hizo ni miongoni mwa mashahidi wachache waliobaki.

Je, ni nani aliyepita chini ya miti ile kila wiki? Majina yaliyochapishwa juu ya vitabu vya INEAC ni ya Wazungu. Lakini kazi ya kuitambua miti msituni haikuwezekana bila wenyeji, na ushahidi umo ndani ya orodha zenyewe za mimea, ambamo kando ya jina la Kilatini mara nyingi limeandikwa jina la Kiturumbu. Jina la mti halitoki kwa mti. Hutoka kinywani mwa mtu anayeujua. Watu hao walikuwa walimu wa wataalamu, ingawa katika hesabu za malipo waliandikwa kuwa vibarua na wasaidizi.

Mfadhili wa wakati ule, yaani hazina ya koloni, hakuona haja ya kumfikisha kijana Mkongomani kwenye cheo cha mtafiti. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifungua milango yake 1954 tu, na kile cha Elisabethville, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwaka 1956. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Kwa hiyo taifa lilirithi daftari nzuri kuliko nyingi katika nchi za joto, na karibu halikuwa na mtu aliyeandaliwa kuzisoma. Hilo ndilo funzo la kwanza la historia hii: fedha nyingi na kazi iliyofanywa kwa uangalifu havitoshi, ikiwa elimu imekusudiwa kubaki mikononi mwa mgeni.

3. Taifa huru na mzigo wa urithi, 1960-1990

Baada ya uhuru wataalamu wengi wa Ubelgiji waliondoka, na INEAC ikavunjwa mwaka 1962. Maasi ya 1964, yaliyoifanya Stanleyville kuwa makao ya serikali ya waasi, yaliutikisa mkoa wote. Mwaka 1970 serikali iliunda taasisi mpya ya utafiti wa kilimo, INERA, iliyokabidhiwa vituo na nyaraka za ile ya zamani. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Zaire, na mwaka 1973 Yangambi ikapata taasisi yake ya elimu ya juu ya kilimo, IFA. Kwa mara ya kwanza kijana Mkongomani aliweza kusomea shahada mahali pale pale ambapo baba yake aliruhusiwa kushika panga la kufyekea njia tu.

Mpango huo ulikuwa mzuri, na haifai kuusahau kwa sababu ya yaliyofuata. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 msitu wa Yangambi, takriban hekta 235,000, uliingizwa katika orodha ya hifadhi za «Binadamu na Biosfea» za UNESCO, mpango uliozinduliwa 1971. Huo ulikuwa ushirikiano wa kimataifa wa aina mpya, uliokubali kwamba msitu una watu, na kwamba watu hao ni sehemu ya somo.

Lakini taasisi haiishi kwa hati. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, uchumi ulikuwa umekwisha kuvurugwa na utaifishaji wa 1973, na mishahara ya watafiti na walimu ikazidi kupungua thamani. Vituo vya kupimia hali ya hewa, ambavyo vilikuwa vingi kabla ya uhuru, vilinyamaza kimoja baada ya kingine, hapa kwa kukosa kipimajoto, pale kwa kukosa mshahara wa mtunzaji. Mafunzo mengi ya IFA yalihamia Kisangani. Kule Yangambi walibaki watumishi waliozilinda karatasi na mimea iliyokaushwa, takriban vielelezo 150,000, dhidi ya mchwa na unyevu. Mkusanyo huo unahesabiwa leo kuwa mkubwa kuliko yote katika Afrika ya Kati, na umetufikia kwa sababu watu hao hawakuacha kazi hata mshahara ulipokuwa jina tu.

4. Mlango unafungwa wakati dunia inafungua mjadala, 1990-2003

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, serikali ya Mobutu ikakataa, na ushirikiano wa nchi hizo mbili ukavunjika. Waliopoteza zaidi kwa kuvunjika huko walikuwa wanafunzi na walimu, yaani ndugu wa wale walioshambuliwa. Nafasi za masomo, maabara na safari za utafiti zilizotegemea mkataba mmoja kati ya dola mbili zilikatika, na uporaji wa Septemba 1991 ukamalizia mengi yaliyosalia.

Tazama sasa mfuatano wa tarehe. Mwezi wa Juni 1992, mjini Rio de Janeiro, mataifa yalifungua kwa sahihi Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Mabadiliko ya Tabianchi. Ibara yake ya 6 inazitaka nchi kukuza elimu na mafunzo na kushirikiana katika jambo hilo. Mpango wa utendaji uliopitishwa hapohapo, Ajenda 21, ulitoa sura nzima, ya 25, kwa watoto na vijana. Zaire iliuridhia mkataba mwaka 1995. Kwa maneno mengine, haki ya kijana kufundishwa tabianchi kwa msaada wa mataifa iliandikwa wakati uleule ambapo kijana wa Kongo, mwenye msitu mkubwa wa pili wa joto duniani, alikuwa amekatiwa njia za kufundishwa.

Kisha vikaja vita vya 1996-1997 na vya 1998-2003. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita katikati ya Kisangani, na raia wa mji huo wakafa kwa ugomvi usio wao. Hata katika miaka hiyo elimu haikuzimika. Mwaka 1999 ilifunguliwa Kinshasa, kwa msaada wa UNESCO, shule ya baada ya shahada juu ya usimamizi wa misitu ya joto, ERAIFT, inayowapokea wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika. Kule Epulu, katika Hifadhi ya Okapi ya Ituri, mtaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki kazini wakati wengine wamekimbia, akaificha mikusanyo ya mimea na takwimu za utafiti ili isiporwe. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Baadaye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Tunamtaja kwa sababu kisa chake kinaonyesha jambo ambalo hesabu za wafadhili haziwezi kuonyesha: fedha zilizomfundisha kijana mmoja vizuri ziliendelea kufanya kazi hata pale ambapo hapakuwa tena na mradi, wala barabara, wala serikali.

5. Ushirikiano unarudi, tangu 2003

Amani iliporudi kwa kiasi fulani, wafadhili nao walirudi. Mwaka 2010, taifa lilipotimiza miaka 50, wataalamu zaidi ya 60 wa Kongo, Ubelgiji na nchi nyingine walisafiri kwa mashua kutoka Kisangani katika msafara ulioitwa kwa Kilingala Boyekoli Ebale Congo, yaani masomo juu ya mto Kongo. Kutokana na msafara huo Kisangani ilipata kituo cha uchunguzi wa bioanuwai, ili mikusanyo ibaki nchini badala ya kwenda yote Ulaya kama zamani.

Hatua kubwa zaidi ilifuata kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Miradi kadhaa, na hasa ule ulioanza 2017 kwa jina la FORETS, chini ya uratibu wa shirika la utafiti wa misitu CIFOR, iliunganisha Chuo Kikuu cha Kisangani na kituo cha Yangambi. Makumi ya vijana walisomeshwa shahada ya uzamili, na wengine uzamivu, juu ya misitu, udongo, wanyama na matumizi ya ardhi. Mwaka 2020, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ghent na INERA, ulisimamishwa Yangambi mnara wa mita 55 unaopima jinsi msitu unavyovuta na kutoa hewa ya ukaa. Ulikuwa mnara wa kwanza wa aina hiyo katika bonde zima la Kongo, ingawa Amazon ilikuwa na minara ya namna hiyo tangu miaka mingi.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kupima hapa, ikiwa kanuni zilizopatikana kwingine zipo? Jibu lilitolewa na Yangambi yenyewe. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba miti ya pale ni mifupi kuliko ilivyodhaniwa kwa unene wake, kwa hiyo kanuni za kawaida zilizidisha kiasi cha kaboni kilichomo msituni. Jambo hilo si dogo. Siku hizi kaboni ya msitu huuzwa na kununuliwa, na taifa lisiloweza kupima mti wake litakubali hesabu iliyoletwa na mnunuzi.

Mfano wa pili unatoka katika vinamasi vya bonde la kati. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza na Kongo-Brazzaville walitangaza kwamba chini ya vinamasi hivyo kuna tabaka nene za mabaki ya mimea yasiyooza, zinazoenea kilomita za mraba 145,500 na kuhifadhi kaboni takriban tani bilioni 30. Sehemu kubwa ya vinamasi hivyo imo katika nchi yetu, lakini vipimo vya ardhini upande huu vilikuwa havijafanywa. Kwa ufadhili wa Uingereza, watafiti na wanafunzi wa Kikongomani waliingia majini, na mwaka 2022 makadirio ya eneo yakasahihishwa hadi kilomita za mraba 167,600. Safari hii majina ya Wakongomani yamo katika orodha ya waandishi. Tukilinganisha na vitabu vya INEAC, hayo ni mabadiliko ya kweli, na ni haki kuyasema waziwazi.

6. Ahadi kubwa na sehemu ya vijana

Tukiutazama mfuko mkubwa wa dunia, picha inakuwa ngumu zaidi. Mwaka 2009, Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zilifika huko 2022. Mwaka 2021, Glasgow, Kongo na Mpango wa Misitu ya Afrika ya Kati, CAFI, walitia sahihi makubaliano ya dola milioni 500 kwa miaka mitano ya kwanza. Mwaka 2024, Baku, lengo jipya liliwekwa: dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Lakini ripoti iliyotolewa 2023 na UNICEF pamoja na mashirika mengine ilikuta kwamba ni asilimia 2.4 tu ya fedha za mifuko mikuu ya kimataifa ya tabianchi iliyokwenda kwenye miradi inayojali mahitaji ya watoto.

Aidha, fedha zilizotengwa kwa vijana hazifanyi kazi moja. Mwezi wa Septemba 2021 vijana takriban 400 kutoka nchi 186 walikusanyika Milan kuandaa mapendekezo yao. Miongoni mwa waliosema huko ni Vanessa Nakate wa Uganda, ambaye tangu 2019 alikuwa amegoma mjini Kampala kwa ajili ya msitu wa Kongo, akiutetea msitu wa jirani kwa sababu mvua haiulizi mpaka. Sauti kama hiyo ina nguvu, na serikali huisikia. Lakini tiketi ya ndege na hoteli hudumu wiki moja. Mafunzo ya mtu anayeweza kusoma mnara wa Yangambi huchukua miaka kumi. Bajeti zinazoyaweka mambo haya mawili katika fungu moja la «ushirikishaji wa vijana» humwezesha mfadhili kutoa taarifa nzuri bila ya kuonyesha ni lipi kati ya hayo alilolilipia.

Tena, mkono unaotoa unaweza kufungwa ghafla. Marekani ilianza 1995 mpango wake wa mazingira ya Afrika ya Kati, CARPE, uliopitia shirika lake la misaada, USAID. Mwaka 2025 USAID yenyewe ilifungwa kwa uamuzi wa serikali mpya mjini Washington. Kama ilivyokuwa 1990, vijana wa Kongo hawakuulizwa. Sababu za 1990 na za 2025 hazifanani hata kidogo, lakini kwa yule mwanafunzi aliyekuwa katikati ya masomo yake matokeo ni mamoja.

7. Hoja mbili zinazopingana nasi

Wako wasemao kwamba dawa ni kuachana na fedha za kigeni, kwa kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hoja hii ina uzito, na aibu ya taifa lisilowalipa watafiti wake haifichiki. Hata hivyo historia haiikubali yote. Katika miaka ya 1980 vituo havikufa kwa sababu ya wingi wa wageni. Vilikufa kwa sababu wageni walipungua na taifa halikujaza pengo. Isitoshe, moshi ulioipasha dunia joto haukutoka Tshopo. Nchi zilizoutoa zina deni, na anayelipa deni hapaswi kuitwa mwenye hisani. Linalofaa kudaiwa ni kwamba kila mkataba uandike tangu mwanzo sehemu itakayolipwa na taifa, na sehemu hiyo iongezeke mwaka hadi mwaka, ili mgeni anapoondoka asiondoke na nyumba.

Wengine husema kwamba kijana hana haja ya vipimo: ukame anauona, mafuriko anayaona, na kazi yake ni kudai. Nasi tunajibu kwamba madai yasiyo na hesabu hujibiwa kwa hesabu za wengine. Mkulima wa Yangambi anajua kwamba mvua zimebadilika. Lakini mbele ya meza ya fidia ataulizwa zimebadilika kiasi gani na tangu lini, na jibu la swali hilo limo katika daftari.

8. Lugha ya daftari

Jarida la masomo ya Kiswahili haliwezi kumaliza habari hii bila kuuliza juu ya lugha. Ripoti za miradi tuliyoitaja huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Kisangani ni mji ambamo Kilingala na Kiswahili hukutana, na kutoka hapo kuelekea mashariki hadi maziwa makuu Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya redio. Lakini kijana anayetaka kumweleza mama yake kilichopimwa juu ya mnara anakosa maneno. «Hali ya hewa» inabeba mvua ya jana na desturi ya miaka 30 pamoja, kwa hiyo baridi ya asubuhi moja inatosha kuonekana kuwa imekanusha joto la dunia. «Tabianchi» inatenganisha mambo hayo, ila bado ni ngeni masikioni mwa wengi upande huu.

Upande mwingine, lugha yetu ina mali ambayo haijatumiwa. Mtu wa Lubumbashi akisikia neno makala, kabla ya kuwaza maandishi kama haya huwaza yale magunia meusi yanayoshushwa mjini kutoka misituni, ambayo wengine huyaita makaa. Kwake «hewa ya ukaa» si fumbo: ni kile kinachotoka pale mti unapogeuka kuwa makala. Mwalimu anaweza kuanzia hapo. Hivyo ndivyo orodha za Yangambi zilivyoanza, kwa jina la Kiturumbu likiandikwa kando ya lile la Kilatini, na hakuna sababu ya vijana wa leo kupewa kidogo kuliko kile kilichochukuliwa kwa babu zao. Kazi ya kutafsiri matokeo na kuyarudisha vijijini yafaa iwe na fungu lake katika bajeti, pamoja na wanafunzi wa idara za lugha watakaoifanya.

9. Hitimisho

Historia ya Yangambi imetuonyesha mifano mitatu. Koloni ilitoa fedha kwa muda mrefu, ikaandika vizuri, lakini haikumfundisha mwenyeji. Taifa huru lilimfundisha mwenyeji, lakini halikuweza kuilisha kazi yenyewe. Ushirikiano wa sasa unamfundisha mwenyeji na unailisha kazi, lakini kwa vipande vya miaka michache ambavyo siasa ya mji wa mbali inaweza kuvikata. Kila wakati ulikuwa na kitu ambacho mwingine ulikikosa, na ni katika kuviunganisha vitatu hivyo kwamba ufadhili wa kesho unaweza kuwa bora.

Kwa hiyo chuo kikuu kinapoletewa mkataba mpya juu ya vijana na tabianchi, kina haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi: baada ya mwaka wa mwisho nani atalipa mshahara wa mpimaji; takwimu na vyombo vitakaa wapi; na matokeo yatasomwa kwa lugha gani. Mfululizo wa uchunguzi wa miti ulikatika 1958 na ukabaki na shimo la miaka mingi ambalo hakuna fedha inayoweza kulijaza, kwa sababu maua ya mwaka uliopita hayahesabiki tena. Mnara wa 2020 umeanza mfululizo mwingine. Utatimiza miaka 30 mwaka 2050, na mtu atakayeusoma mwaka huo yumkini ameketi sasa katika darasa la shule ya msingi, huko Yangambi au Kisangani.